Muulize Kepteni: Nyuni yuko mbele ya kioo, mkono wako ufanye nini?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, na nadhani ni kwasababu ya msimu wenyewe, korongo weupe kutoka Ulaya wameshaanza kuingia na mvua za vuli zimewaamsha wadudu kila mahali, basi angani kumejaa. Kabla sijajibu naomba tuelewane kitu. Kiswahili chetu kimewapa wenye manyoya na wenye injini jina moja, na kwenye somo hili hiyo itatuchanganya, kwa hiyo hapa ndege ni ile ya chuma tu, wale wengine nitawaita nyuni kama wanavyowaita wazee wetu wa mwambao.

*Shikamoo Kepteni. Mimi najifunza urubani hapa Wilson, kiwanja cha ndege ndogo Nairobi, nina masaa 31 mpaka saivi. Wiki jana tumeruka na mwalimu, tuko kama futi 400 kutoka chini, nikamuona mwewe yuko mbele kabisa, nikalaza ndege kushoto kwa nguvu na kuvuta, kengele ya stoli, ile ya kuonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba, ikalia, mwalimu akaninyang'anya usukani. Tulivyotua akanifokea mbele ya wenzangu akasema bora ningemgonga. Kepteni kweli rubani anaambiwa bora agonge? Tangu siku hiyo silali vizuri. — Mwanafunzi, Langata*

Marahaba mwanangu. Kukufokea mbele ya wenzako sijapenda, hilo ni la kuambiana pembeni kwa sauti ya chini na karatasi na kalamu mezani. Ila alichosema ni kweli na nataka uelewe kwanini ni kweli, sio ukubali tu manake ametamka mkubwa.

Chukua hiyo Cessna 172 unayojifunzia. Ukiwa unapanda uko na mwendo wa kama kilomita 140 kwa saa, na bawa lake linaacha kubeba kwenye kama 90 hivi ukiwa umenyooka, flapsi, yale mapezi ya nyuma ya bawa, hazijashushwa. Unajiona una nafasi kubwa. Sasa ukilaza digrii 60 huku unavuta ili usishuke, bawa linabeba uzito mara mbili, na ile 90 inapanda mpaka karibu 127. Nafasi yako yote imeliwa hapo kwenye sekunde moja, na mkono wa mtu aliyeshtuka huwa hauishii kwenye digrii 60. Alafu uko Wilson, yani zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini imechoka na jua, bawa moja likiacha kubeba ndege ikapinduka kwenye futi 400 hakuna rubani duniani wa kuiokoa, hata mimi, hata mwalimu wako. Na mwewe mwenyewe hafiki kilo moja. Angekuachia bonde kwenye bawa, au kioo kupasuka ukibahatika vibaya, mkarudi mkatua mkiwa wazima.

Kwahiyo la kwanza kabisa, kabla ya ujanja wowote: ndege iendelee kuruka. Wapo marubani waliokufa kwa ajili ya nyuni lakini hawakuuawa na nyuni, waliuawa na mkono wao ulipojaribu kumkwepa karibu na ardhi. Hili nimelisema kwa kila mwanafunzi niliyewahi kumfundisha na nitalisema mpaka nizikwe.

Sasa utamkwepaje basi? Kwa kumuona mapema. Macho yatoke kwenye saa za dashibodi. Na kuna kitu cha kuangalia ambacho vijana wengi hawaambiwi: nyuni anayehama kwenye kioo, yani alikuwa kushoto sasa yuko katikati, huyo hamtakutana. Yule aliyeganda sehemu moja ya kioo, hasogei, anazidi tu kuwa mkubwa, huyo ndo wako. Ukimuona bado mbali, geuka kidogo tu, digrii 15 au 20, upole upole, zinatosha kabisa. Ukiwa kwenye safari, una mwendo wa akiba na kimo, inua pua kidogo upite juu yake, manake nyuni wengi wakishtuka wanakunja mabawa na kuanguka kwenda chini. Sio wote, lakini wengi, na ndo maana hatupiti chini yao. Ukiwa unapanda na mwendo mdogo kama siku ile, usivute, shikilia pua ilipo, geuka kidogo kama kuna muda, kama hakuna muda inamisha kichwa nyuma ya dashibodi ulinde macho na uendelee kuiendesha.

Nimewahi kupita chini yao. Ilikuwa Mara, nakuja kutua kiwanja cha nyasi, korongo mfuko-shingo wanne wako juu yangu kidogo nikajisemea hawa nawapita chini niwahi, wawili wakakunja mabawa wakaja kama mawe, mmoja akanipita upande wa kulia, wa pili akapiga mhimili wa bawa. Ule mlio bado ninao masikioni. Nilikuwa na abiria watatu nyuma na mmoja ni mtoto. Tulitua salama lakini mhimili ule ulibadilishwa, na mimi nikakaa chini ya mti nusu saa siwezi kusimama.

Na kabla hujaruka kabisa, simama mwanzo wa njia uangalie njia nzima mpaka mwisho. Wakiwepo subiri, mwambie kontrola, yule muongozaji wa mnarani, ana watu wa kwenda kuwafukuza. Kiwanja cha porini kisicho na mnara pita chini mara moja uangalie, kama unavyoangalia pundamilia. Ukimgonga wakati bado magurudumu yako chini na njia bado ipo mbele, rudisha throtli nyuma, yani ondoa nguvu ya injini, simama. Ukishanyanyuka usijaribu kuirudisha kwenye kipande cha njia kilichobaki, panda, zunguka, rudi utue kwa utaratibu. Na taa za kutua washa hata mchana kweupe, wanaiona ndege mapema zaidi.

Lala mwanangu. Uliogopa na umeuliza, wapo walioogopa wakanyamaza.

*Kepteni habari za siku. Naongoza watalii, kila wiki napita pale ukingoni Ngorongoro kwenye kaburi la Michael Grzimek na wageni huniuliza aliangushwaje ndege na tai tu. Mimi nawajibu nilivyofundishwa lakini moyoni nashangaa, ndege nzima na tai? Na wakitoka hapo wanapanda ndege ndogo kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, wakiwa wameshaogopa. Niwaambie nini? — Dereva wa utalii, Karatu*

Ndugu yangu, waambie ukweli, ukweli hautawatisha kuliko wanavyojitisha wenyewe.

Michael Grzimek alikuwa na miaka 24. Yeye na baba yake Bernhard walikuwa wanahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier waliyoipaka mistari ya pundamilia, na tarehe 10 Januari 1959 akiwa peke yake aligonga tumbusi, yani yule tai mla mizoga, ndege ikaanguka. Baba yake alikuja kuzikwa pembeni yake mwaka 1987. Mimi kila nikipita pale nasimama. Kijana yule alikuwa anafanya kazi inayolazimu kuruka chini chini, na chini ndo nyumbani kwa nyuni.

Ukitaka kuwaelewesha nguvu yenyewe wape hesabu hii. Tumbusi mkubwa ana kilo 7 au zaidi. Ndege ikimgonga ikiwa na mwendo wa kilomita 200 kwa saa, nguvu inayotua pale ni sawa na gunia la mahindi la kilo 90 lililodondoshwa kutoka mita 12, kama ghorofa ya nne hivi. Lidondoke kwenye kioo. Na kioo cha hizi ndege ndogo ni plastiki ngumu tu, kanuni zilizotengenezewa ndege za aina hiyo hazikudai kihimili nyuni, wakati ndege kubwa za abiria kioo chake lazima kihimili nyuni wa kilo 1.8 kwa mwendo wa safari. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu: rubani akipunguza kutoka 200 kwenda 140 ile nguvu inakatika nusu nzima, kwasababu nguvu inafuata mwendo mara mwendo. Ndo maana wakiingia sehemu yenye tumbusi wengi watasikia injini imepungua sauti, wasishtuke, huyo ni rubani anayejua kazi yake.

Kingine, tumbusi ana ratiba. Hapigi mabawa kama njiwa, ni mzito, anasubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto inyanyuke imbebe. Wale wanaolala na kuzaa kwenye magenge ya milima ya Gol, pembeni ya mbuga ya Serengeti, asubuhi na mapema bado wamekaa, jua likishika kama saa mbili saa tatu wanaanza kupanda kwa kuzunguka, alafu wanasambaa mbuga nzima kufuata nyumbu. Kwahiyo ndege ya alfajiri inawakuta hawajaamka vizuri na hewa imetulia, ya saa saba mchana inawakuta wote juu. Akianza mmoja kushuka kwenye mzoga wenzake walio mbali wanamuona wanashuka, na wa mbali zaidi wanawaona hao, basi ukiona mmoja anashuka kasi ujue kuna mkondo mzima unakuja kutoka kila upande. Rubani wa Serengeti anausoma mbuga kabla ya kushuka: mzoga uko wapi, simba wamekula wapi jana, moshi uko wapi. Nyasi zikiungua ukingo wa moto unajaa mwewe na korongo wanaokula panzi na panya wanaokimbia, pale hapapitiki chini.

Na wewe unayezunguka na gari huko chini unaweza kusaidia kuliko unavyojua. Ukiona mzoga karibu na kiwanja, mwambie rubani kwa redio au kwa simu kabla hajatua. Nimewahi kuambiwa na dereva kama wewe, nikaingilia upande mwingine wa kiwanja, na kweli walikuwepo kama arobaini.

*Kepteni, sisi kina mama tunaparua samaki kando ya ziwa, kiwanja cha ndege kiko hapo hapo karibu. Tunafukuzwa eti matumbo ya samaki yanaita ndege wa angani. Tumekuwa hapo miaka. Ni kweli au wanataka eneo? — Mama wa dagaa, kanda ya ziwa*

Mama yangu, la eneo siwezi kulisemea, ila la matumbo ni kweli tupu. Mwongozo wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga unataka dampo likae kilomita 13 kutoka kiwanja, na sio kwa kupenda tu. Mwaka 1988 tarehe 15 Septemba pale Bahir Dar Ethiopia, nako ni kando ya ziwa, ndege ya abiria ilivuta njiwa kwenye injini zote mbili ikiwa inaruka, ikaanguka, wakafa watu 35. Njiwa, mama yangu, sio korongo.

Lakini kukufukuza wewe na kuacha mavi ya machinjio na mifuko ya taka ya mtaa mzima hakusaidii kitu, na hapo mna haki ya kusimama mkaongea. Ombeni pipa la kufunika na gari la kuyabeba kila siku kabla ya saa nne, na nyie wenyewe kubalianeni hakuna tumbo linalobaki wazi chini. Nyuni anafuata chakula tu. Kisipokuwepo siku tatu nne anahama.

*Kepteni, nina leseni ya biashara, naruka visiwani. Kunguru alinipiga kioo cha mbele upande wa abiria, kikapasuka lakini hakikutoka, nikarudi. Nimekuwa najiuliza kingetoka chote ningefanyaje? Darasani tulipewa mstari mmoja tu. — Rubani, Zanzibar*

Mstari mmoja ni kidogo sana na nakubaliana na wewe kabisa. Hao kunguru waliletwa Zanzibar toka miaka ya 1890 kuja kula taka na sasa wamejaa mwambao wote, kwahiyo swali lako sio la kufikirika.

Kioo kikitoka kitu cha kwanza ni kelele. Utahisi ndege imevunjika vipande manake upepo unanguruma, karatasi zinaruka, damu na manyoya usoni, na kuna harufu ambayo sitaielezea hapa gazetini. Abiria wanapiga kelele husikii. Redio husikii. Wakati huo ndege yenyewe pengine inaruka vizuri tu. Shika usukani, weka mabawa sawa, pua ilipo, vuta pumzi. Miwani, na hii nasisitiza, ruka na miwani kila siku hata kama macho yako ni mazima, iwe ya jua au ya plastiki ya kawaida, kwasababu rubani asiyeona hana cha kufanya tena. Inamia nyuma ya dashibodi upepo ukupite juu. Punguza mwendo taratibu, upepo unapungua nguvu nao, lakini usishuke kwenye mwendo wa kutisha, ile hewa inayoingia ndani inasukuma ndege nyuma kwahiyo utahitaji injini zaidi ya kawaida kubaki juu.

Alafu ndo uanze kuuliza. Injini inatetemeka? Panga la injini, lile linalozunguka mbele, likiwa limepigwa utalisikia kwenye miguu, punguza injini mpaka litulie. Joto la mafuta linapanda? Labda manyoya yameziba njia ya hewa. Kipima mwendo kinasema kitu cha ajabu? Bomba la pitoti, kale kabomba ka nje kanakopimia mwendo kwa upepo, linaweza kuwa limepigwa au limeziba, basi ruka kwa sauti ya injini na mkao wa pua kama ulivyofundishwa. Bawa likiwa na bonde usiguse flapsi haraka haraka, panda kama unaweza, jaribu ukiwa na kimo cha kutosha mwendo gani ndege inaanza kulemea upande mmoja, na ukija kutua njoo na mwendo zaidi ya huo. Chagua njia ndefu hata kama iko mbali kidogo. Tangaza dharura, kwenye redio sema hata kama husikii jibu, wao wanakusikia. Na abiria aliyekaa mbele mwambie kabla ya safari, dakika moja tu: ikitokea hivi, inamisha uso, usishike usukani wala mkono wangu.

Ukishatua usiruke tena hata ukiona pako sawa. Fundi afungue, aangalie ndani ya bawa. Na kabla hamjaosha, chukua manyoya na hata kipande cha damu kwenye karatasi safi, weka na ripoti yako kwa mamlaka ya anga. Kuna wataalamu wanaotambua nyuni kwa unyoya, kazi iliyoanza pale Smithsonian huko Marekani baada ya ndege kuanguka Boston mwaka 1960 na kuua watu 62 kwa ajili ya kundi la nyuni wadogo wa kawaida. Bila kumjua ni nani aliyegongwa, watu wa kiwanja hawajui wafyeke nini na wafukuze nani.

*Kepteni, rafiki yangu ananibishia kwamba tai aliwahi kugonga ndege kubwa kabisa juu huko inakopita Boeing. Haiwezekani, si angekosa pumzi? — Msomaji, Mombasa*

Imewezekana. Ilikuwa Novemba 1973 juu ya Abidjan, Ivory Coast, kama futi 37,000, na alikuwa tumbusi wa Rüppell, jamaa wale wale wa milima ya Gol. Damu yake ina uwezo wa kushika oksijeni kidogo iliyoko kule. Mlipe rafiki yako soda. Ila usije ukasema basi hakuna mahali salama, wengi mno wako chini ya futi 3,000 kutoka ardhini, ukipanda juu ya hapo mapema umeshaacha sehemu kubwa ya matatizo nyuma.

*Kepteni salaam. Nina kandege kangu kadogo kanalala nje, Nanyuki. Kila nikikaacha siku mbili nakuta majani kwenye injini. Nikitoa wanarudisha. Nifanyaje? — Mkulima*

Ndugu, siku mbili ni nyingi, nimeona kiota cha nyuni kimejengwa kati ya asubuhi na saa kumi jioni, ndege imekaa kwenye jua watu wanakula chakula cha mchana. Usicheze na hili hata kidogo. Majani makavu juu ya bomba la moshi la moto ni kiberiti, na yakiziba njia ya hewa injini inachemka ukiwa angani. Kata sponji ya kukaza kwenye matundu yote mawili ya mbele, shona kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia mpaka kwenye panga, ili usiweze kuwasha bila kukiona. Ziba na matundu ya mkiani, nyuni wanapenda sana mkia, na kule wakijenga kwenye nyaya unaweza kujikuta usukani mzito kwenye kuruka. Bomba la pitoti nalo livalishe kofia yake, lakini hiyo kofia na sponji zote zihesabu kwa sauti wakati unavitoa: moja, mbili, tatu, nne. Alafu chukua tochi, fungua kile kidirisha cha mafuta, angalia nyuma ya silinda, sio mbele tu, maana wao wanaanzia nyuma. Ukikuta jani moja toa kifuniko chote.